Mpunga, hela au mkwanja? Kuchagua neno la mtaani la kuandika kwenye kibao

Kazi yangu ni kuandika vibao hapa Mbeya: bati, plaiwudi, ukuta uliopigwa plasta, ubavu wa daladala, popote rangi itakaposhika. Mteja akifika kibandani kwangu Mafiati, rangi na ukubwa wa herufi huwa tunamalizana mapema. Tunakwama kwenye neno. Anataka la mtaani, lenye mzuka, na kichwani anayo mawili au matatu yanayomvuta, ila hajui lipi litamletea watu na lipi litamfanya achekwe.

Mimi nina kipimo kimoja. Rangi ya mafuta ikipakwa vizuri juu ya praima huvumilia mvua zetu na jua la kiangazi miaka mitano, hata sita. Neno la mtaani linaweza kuzikwa ndani ya miezi sita. Kwa hiyo kabla sijafungua kopo huwa nauliza: neno hili limetoka wapi, limeishi muda gani, na bibi anayeshuka kwenye gari kutoka Igurusi akilisoma ataelewa nini?

Ushahidi uko ukutani. Kuna saluni niliiandika BAB'KUBWA zamani kidogo, neno hilo likiwa ndiyo sifa ya juu kabisa ya kitu kizuri. Mwenye saluni hajawahi kulifuta. Wasichana wanaosukwa mle ndani siku hizi wanauliza kama Bab'kubwa ndiye baba mwenye nyumba. Gereji moja nayo bado ina HAPA KAZI TU, kaulimbiu ya kampeni ya mwaka 2015, na fundi wake anapenda sana kulala mchana chini ya maandishi hayo.

Maneno ya fedha

Hapa ndipo ugomvi mwingi ulipo, kwa sababu kila mtaa una wakala wa kutoa na kuweka fedha, na kila wakala anataka kibao chake kisifanane na cha jirani. Wanaoshindana ni hela, pesa, mpunga, mkwanja na mshiko. Ngawira ipo lakini haina nguvu tena. Kwenye Kiswahili cha vitabuni ngawira ni mali iliyotekwa vitani, na mimi sioni vizuri mtu akabidhi fedha zake kwenye dirisha lililoandikwa nyara.

Vijana wengi huniambia hela ni neno la wazee, la asili, na mpunga ndio neno jipya. Ukifuatilia asili unakuta mambo yamegeuka. Pesa imetoka Uhindi, kwenye paisa. Enzi za Mjerumani rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 wakabadili hesabu, rupia ikawa na heller 100, na hiyo heller ndiyo iliyolainishwa vinywani mwa watu ikawa hela. Maana yake waliokuwa wakipeleka kodi Tukuyu, mji ambao Mjerumani aliuita Neu Langenburg, walianza kuhesabu kwa pesa, wakahamia hela, na maneno yote mawili kwao yalikuwa mageni kama yalivyo kwetu haya ya kwenye simu. Sarafu zenyewe zilikufa na utawala wake. Majina yakabaki, yakashinda hata shilingi, maana hakuna anayesema "sina shilingi" akiwa hana fedha. Anasema sina hela.

Mpunga, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu lenye mizizi shambani. Mtu wa Dar es Salaam analitumia kwa fedha bila kufikiri, kwa kuwa mpunga hauoni. Anaona mchele, ukiwa umeshakobolewa na kupepetwa, ndani ya mfuko.

Nililipia somo hilo mwenyewe. Wakala mmoja wa Ubaruku, kule Mbarali, alikuja mjini akaniagiza kibao cha bati futi nne kwa mbili, rangi ya njano na maandishi mekundu: PATA MPUNGA WAKO HAPA. Alilitoa kwenye tangazo la redio. Mimi nikapenda, nikaweka na kivuli cheusi nyuma ya herufi, kazi safi. Ubaruku ni mji wa mpunga. Mashine za kukoboa zinaunguruma tangu asubuhi, malori yamepanga foleni, magunia yamefungwa lumbesa mpaka yamevimba mabega. Wiki haikuisha, simu ikaita.

"Fundi, habari za huko?"

"Salama kaka. Kibao kinaendeleaje?"

"Kibao kinaniua. Njoo ufute neno lako."

Akanieleza. Siku ya kwanza alifika mzee na baiskeli kuuliza gunia wanauza bei gani. Siku ya pili wakaja wawili kuuliza kama wananunua. Siku ya tatu mama mmoja alishusha gunia zima mlangoni kutoka kwenye mkokoteni, akamlipa msukumaji, akamruhusu aondoke, ndipo akaingia ndani na kuuliza, "Mwanangu, mizani yenu iko wapi?" Kumwelezea yule mama kwamba mpunga ulioandikwa pale siyo mpunga alioubeba kulichukua muda kuliko kumtafutia mkokoteni mwingine. Nauli ya mkokoteni wa pili alitoa wakala.

Nilikwenda na kopo la njano, nikafuta, nikaandika HELA. Herufi nne mahali pa sita, kwa hiyo palibaki pengo, nikalijaza kwa mchoro wa noti.

Kwa hiyo mpunga nauandika Mbeya mjini, Iringa mjini, labda na Makambako kwenye vioski vya stendi. Kyela, Usangu, popote penye majaruba, siuandiki hata nikiongezewa fedha.

Kati ya hela na pesa je? Zamani ningesema ni pacha. Siku hizi hapana, kwa sababu pesa imeolewa na kampuni za simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, wengine wakafuata kwa majina yenye pesa ndani yake, na sasa ukiandika TOA PESA HAPA kwa herufi kubwa, mwenye laini ya mtandao mwingine anasita, anadhani dirisha ni la mtandao mmoja. Kama unatoa huduma ya mitandao yote, hela inakutumikia vizuri zaidi: TUNATOA NA KUWEKA HELA, MITANDAO YOTE. Kama ni mtandao mmoja tu, basi tumia jina la huduma lenyewe.

Mkwanja una sauti ya fedha nyingi, za kishindo. Mtu hasemi ana mkwanja akiwa na nauli ya kurudi Uyole. Ndiyo maana unapendwa na wenye vibanda vya kubashiri mechi, na hapo unafaa. Mshiko umetokana na kushika, kile kinachoingia mkononi, na una harufu ya kibarua na ya posho. Kijana akitoka kupakua lori Tunduma anasema kapata mshiko, na kila mtu anaelewa ni jasho la leo. Ningekuwa na ofisi ya kukopesha vijana wa kazi za kutwa ningechagua huo. Vijisenti nakataa kabisa. Kabla ya mwaka 2008 kilikuwa kipunguzi tu cha senti, cha unyenyekevu. Tangu waziri mmoja alipoziita hivyo fedha zake za nje ya nchi zilizotajwa kufikia dola milioni moja, neno hilo haliwezi tena kusemwa bila mtu kucheka.

Bei nazo watu wanataka ziandikwe kimtaani. Jero ni 500, buku ni 1,000, kwa hiyo sahani ya chipsi inakuwa "buku jero". Kutamka ni sawa, kuandika kwenye ubao wa bei sikushauri, kwa sababu bei inapanda na tarakimu ni rahisi kufuta kuliko maneno. Noti ya 10,000 wengine wanaiita msimbazi, kwa ule wekundu wake unaofanana na jezi za Simba, klabu yenye makao Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mwenye duka la viatu alitaka niandike KILA KIATU MSIMBAZI MMOJA. Nikamuuliza anategemea mashabiki wa Yanga wavue viatu vyao wapi. Akaandika 10,000.

Kumwita mteja

Hapa ushindani ni kati ya mshkaji, msela, mwanangu na wanetu, na kwa upande wa heshima kuna mkuu, bosi na tajiri.

Mshkaji ni mtoto wa kushika kama ulivyo mshiko, yule mliyeshikana naye. Amezeeka vizuri. Baba wa miaka hamsini anaweza kusema "mshkaji wangu wa Iringa" na mwanawe wa darasa la saba akasema vivyo hivyo. Msela ni habari nyingine. Ametoka kwenye neno la Kiingereza la baharia, akapanda kutoka bandarini, na kwa muda mrefu alikuwa mtu wa kuzurura asiye na kwao maalumu, kabla hajawa rafiki wa kawaida. Vijana wanasikia urafiki, wazazi wao bado wanasikia uzururaji. Kinyozi anayeandika MASELA mlangoni atapata vijana wote wa mtaa, ila mama mwenye mtoto wa miaka sita atampeleka kwingine. Kama wateja wako ni hao vijana tu, andika bila wasiwasi. Mimi ningechukua mshkaji.

Mwanangu linahitaji uangalifu kuliko yote, kwa sababu umri wa anayesema ndio unaobadilisha maana. Simama Mwanjelwa dakika kumi usikilize. Mama anayeuza parachichi anamwambia kijana aliyemwamkia, "Marahaba mwanangu, karibu," na hapo ni mwana kweli, wa kubarikiwa na kuongezewa moja juu. Hatua mbili mbele, dereva wa bodaboda anamwambia mwenzake, "Mwanangu, unazingua," na hapo hakuna mzazi wala mtoto, ni wa rika moja, tena anamlalamikia. (Kuzingua kwenyewe ni mfano mzuri wa neno lililogeuka: kamusi inakupa kufungua, na kumtoa mtu uchawi. Mtaani aliyezingua ndiye aliyekuharibia.) Kwenye kibao hakuna sauti wala sura, kwa hiyo msomaji hajui ni mwanangu yupi. KARIBU MWANANGU kwenye mgahawa wa mama mtu mzima inapendeza sana. Kwenye duka la simu la kijana wa miaka ishirini na mbili, mzee wa miaka sitini akiisoma anaona kakosewa adabu. Huku kwetu kijana haanzi maongezi na mzee bila shikamoo, sasa ukuta uanze kwa kumwita mwana?

Mkuu na bosi ni maneno ya mdomo, yanamfaa muuzaji anayeita wapita njia. Tajiri lina ukakasi wake: kwa madereva na makonda, tajiri ni mwenye gari, yule wa kupelekewa hesabu jioni. Ukimwita abiria tajiri anacheka. Ukiandika KARIBU TAJIRI kwenye mlango wa daladala, anayefikiriwa ni mtu wa kuogopwa.

Salamu

Mambo, vipi, niaje, poa, freshi, shwari. Poa ndilo lililodumu, na limedumu kwa sababu mwili wake ni Kiswahili kitupu: kitu kilichokuwa cha moto kimepoa, joto limeshuka, hasira zimeshuka, kidonda kimepona. Shwari nalo ni zuri, bahari iliyotulia, ingawa huku milimani bahari tunaiona kwenye kalenda. Freshi linaonekana changa kila mwaka bila kukua.

Angalizo kuhusu poa kwenye vinywaji. Ukiandika VINYWAJI POA unasema mawili kwa mpigo, vizuri na vya baridi. Dar es Salaam hiyo ni akili. Mbeya mwezi wa saba, watu wamejifunga mablanketi kama wanaenda kulala, mteja anaingia dukani na kusema "nipe ya moto," yaani soda isiyoguswa na friji. Duka la Uyole lililoandika VINYWAJI POA niliwahi kuliongezea mstari chini mwezi wa sita: NA VYA MOTO VIPO.

Lakini kama unataka salamu yenye kuvuta, mimi naona vya nyumbani vinashinda vya mtaani. Iringa na Njombe, kamwene. Kwa Wanyakyusa, ugonile, na shukrani yao, ndaga fijo. Mteja wangu mwenye kioski cha chai Ipogolo, pale mabasi yanayopita kati ya Dar es Salaam na Mbeya yanaposhusha watu wa Iringa, alikuwa anasita kati ya MAMBO VIPI na KAMWENE. Nilimwambia aandike KAMWENE kwa herufi kubwa na KARIBUNI CHAI chini yake. Mhehe anayerudi nyumbani akiiona kupitia dirishani anajua amefika, na asiye Mhehe anauliza maana yake, na mtu akishauliza ameshasimama. Mambo vipi angeisoma na kupita, ameshaiona Morogoro na Mikumi.

Mashabiki wa Mbeya City walilielewa hili mapema. Timu ilipopanda ligi kuu msimu wa 2013/14 hawakuazima kelele za Kariakoo. Walikuja na "koma kumwanya", gonga juu, lugha ya huku huku, na zambarau yao, na nyundo ya kugongea. Nilichora nyundo nyingi msimu ule kuliko misumari niliyotumia.

Chakula, kwa haraka

Mama ntilie au mama lishe? Ntilie ni "nitilie", sauti ya mteja anayenyoosha sahani. Mama lishe lilikuja baadaye kama jina la heshima, na ndilo linalopendwa kwenye mikutano na fomu. Wenye kazi yenyewe wamegawanyika. Wapo wanaoona ntilie inawadhalilisha, wapo wanaoona lishe ni ya hotuba. Mimi naandika analotaka mwenyewe, ila naona kwenye kibao jina lake linatosha: KWA MAMA FULANI, WALI WA KYELA, NDIZI ZA RUNGWE. Harufu inamalizia.

Kitimoto, mdudu au mbuzi katoliki? Andika kitimoto. Hadithi inayosimuliwa ni ya mtu ambaye dini yake inamkataza, akala kwa kificho huku kiti kikimchoma, akitazama mlango. Iwe kweli au utani, jina limekubalika na walaji na wasiokula, wote wanajua hapa kuna nini na wasiotaka wanapita. Mdudu ni la mzaha wa mezani. Mbuzi katoliki linatania dini ya mtu na halihitajiki mahali pa biashara. Chipsi zege halina mshindani, ni mchanganyiko wa chipsi na mayai ulioshikana kama zege, na picha yenyewe inaeleza.

Usafiri

Bodaboda halina mpinzani tena. Lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, na waliokuwa wakiita abiria wakitaja mpaka kwa Kiingereza. Mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa, anaishi kwenye mpaka na Nakonde iko ng'ambo ya barabara. Ukiwa Songea utasikia yeboyebo, kwa pikipiki hizo hizo, jina ambalo kwingine ni kandambili za plastiki. Kwa hiyo kituo cha Songea kiandikwe yeboyebo, lakini ukiandika hivyo Mbeya utaulizwa viatu. Daladala nalo limezikwa mizizi: dala ilikuwa jina la sarafu ya shilingi tano, nayo ilikuwa nauli. Nauli imepanda mara ngapi tangu hapo, jina halijapanda.

Wenye maduka nao wana lao. Dar es Salaam duka la mtaani ni "kwa Mangi", cheo cha machifu wa Kichaga kilichoshushwa hadi kaunta ya sukari na sabuni. Kijana mmoja aliyetoka Dar alitaka nimwandikie KWA MANGI hapa Kabwe. Baba yake, Mkinga wa Makete aliyeanza biashara kwa kubeba mzigo kichwani, alikuwa amesimama pembeni. Akaniuliza taratibu, "Fundi, huyo Mangi ndiye aliyelipia pango?" Duka linaitwa kwa jina la ukoo.

Neno likikugeuka ukiwa umelala

Hatari nyingine huwa haitokani na uchaguzi wako. Unaandika neno la kawaida kabisa, kisha mtaa unalichukua. Duka la pembejeo na dawa za mifugo niliandikia orodha ndefu: DAWA YA KUPE, UTITIRI, CHAWA. Ilikuwa dawa ya kuku. Baadaye chawa akawa mtu anayejipendekeza kwa mkubwa ili ale kwake, uchawa ukawa kazi, na watu wakaanza kupiga picha mbele ya lile duka. Wengine waliingia kuuliza kwa uso mkavu dozi ya mtu mzima ni vijiko vingapi. Mwenye duka alinipigia kuuliza afute au asifute. Nikamwambia aniongezee kazi: herufi za CHAWA zipakwe upya zing'ae. Mauzo ya dawa ya kuku sijui, lakini duka linajulikana mpaka Mbalizi.

Mkeka umepata hali hiyo hiyo. Ulikuwa wa kukalia, ukawa karatasi ya mechi ulizobashiri, na timu moja ikikuangusha "umechanika". Sasa hata orodha ya uteuzi wa viongozi ikitoka watu wanaita mkeka. Anayeuza mikeka ya kweli aandike MIKEKA YA UKILI, atofautishe. Msala ni mbaya zaidi. Wazee wanaujua kama choo, vijana kama matatizo makubwa, na hakuna upande ninaoweza kuutetea kwenye tangazo.

Swali la mwisho ambalo wateja huuliza ni kama jina la mtaani lisajiliwe. Ushauri wangu ni kutenganisha. Jina utakalopeleka BRELA, kule wanakosajili majina ya biashara, liwe tulivu, la kudumu, lenye kuandikika kwenye risiti na kwenye maombi ya mkopo. Kibao kinaweza kucheka. Ukibadili kibao unanilipa mimi tu na kopo la rangi.

Na kama bado umekwama kati ya maneno mawili, fanya ninachowafanyia wanaoshindwa kuamua. Nawaandikia yote mawili kwa chaki kwenye ubao mweusi, moja wiki hii, lingine wiki ijayo, nao wakae mlangoni wasikilize wapita njia wanasoma kwa sauti gani. Nina kijana wa Soweto, mtaa wa hapa hapa Mbeya, anayefungua kinyozi. Aliletewa ushauri wa MASELA na rafiki zake, na wa jina lake na mama yake. Yeye anataka WANETU, yaani wana wetu, neno ambalo mimi naliona changa mno kwa rangi ya miaka mitano. Nilimwandikia kwa chaki. Mvua ya kwanza ikalifuta usiku. Asubuhi nikapita, nikamkuta juu ya kreti la soda analiandika upya kwa mkono wake, herufi zimepinda. Sasa ni wiki ya tatu, kila mvua ikinyesha analirudia, na kopo la rangi aliyolipia bado liko kwangu, halijafunguliwa.